Zamu ya Nyumba: Niliyojifunza kwa Wenyeji Wangu wa Amantaní

Wageni wanaolala katika kisiwa cha Amantaní hulala majumbani mwa watu. Kisiwa hicho kimo katika Ziwa Titicaca, upande wa Peru, hakina magari, na wakazi wake wapatao 4,000, ambao lugha yao ni Kikechua, wamegawanyika katika jumuiya 10 zinazopeana zamu ya kuwapokea wageni. Habari hiyo ya zamu ndiyo iliyonivuta. Mimi ni mzaliwa wa Pemba, kwetu ni upande wa Makangale, na kwa miaka mingi mama yangu amekuwa akiwapa chumba wageni wachache wanaokuja kuuona msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi. Nilipopata nafasi ya kwenda Peru kwa mafunzo mafupi ya utalii wa vijijini, niliomba baada ya mafunzo nikae na familia ya kisiwani, tena nikae zaidi ya ule usiku mmoja ambao wageni wengi hukaa. Nilitaka kuona mwenye nyumba wa huko anaishije na wageni bila nyumba kumponyoka mikononi, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo kwetu lilikuwa limeanza kutushinda.

Kwanza niseme juu ya mahali penyewe, maana mwili ulinifundisha kabla ya watu. Ziwa Titicaca liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, na ukubwa wake ni zaidi ya mara tatu ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Sisi tuliozaliwa Pemba, ambako hakuna kilima kinachofika hata mita 150, hatuna kipimo cha kulielewa jambo hilo mpaka tufike. Hewa ya huko ni nyepesi kiasi kwamba kila pumzi humpa mtu karibu theluthi mbili tu ya oksijeni anayoipata ufukweni. Walimu wetu walitushauri tusipande moja kwa moja kutoka Lima, kwa hiyo tulilala kwanza Arequipa, mji ulio kwenye mita kama 2,300, kisha tukapanda hadi Puno na kupumzika tena kabla ya kuingia botini. Ushauri huo ulikuwa wa maana sana, na yeyote atakayekwenda namwomba aufuate. Hata hivyo kichwa kiliniuma, na usingizi wa usiku wa kwanza wa Puno ulikuwa wa kushtukashtuka.

Kutoka Puno boti inapita kwanza katikati ya matete ya totora, ambayo Wauros, watu wanaoishi juu ya ziwa hilo, huyakata na kuyatandaza tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa visiwa vinavyoelea wanavyojengea nyumba. Baada ya hapo ziwa hufunguka, maji ya buluu iliyokolea kama ya mkondo wa Pemba, na safari huchukua zaidi ya saa tatu. Nilikuwa na mwenzangu wa mafunzo, Mperu ambaye Kikechua ni lugha ya kwao, na yeye ndiye aliyenifasiria karibu yote nitakayoyaeleza hapa.

Gatini tuliwakuta kina mama wamesimama, wamejifunika shela nyeusi zilizotariziwa maua, na mbele yao mzee mmoja wa jumuiya ameshika daftari. Mzee alisoma majina ya nyumba ambazo zamu yao ilikuwa imefika, akagawa wageni kwa idadi ya vitanda, na kila mama akaja kumchukua mgeni wake. Mtu aliyewahi kushuka bandarini Malindi, Unguja, mwenye mkoba mkubwa mgongoni anajua mapapasi wanavyomzunguka mgeni, huyu akivuta huku na yule akivuta kule. Pale gatini hapakuwa na sauti iliyopanda. Mama ambaye zamu yake ilikuwa bado hakuja gatini, alikuwa shambani kwake, kwa kuwa alijua siku yake itafika na hakuna wa kumpokonya.

Mama mwenyeji wangu alibeba furushi mgongoni na kutangulia kupanda njia ya mawe. Alikuwa akienda hatua chache, anasimama, anajifanya kulirekebisha furushi lake, kisha anaendelea. Ilinichukua muda kufahamu kuwa furushi halikuwa na tatizo lolote. Alikuwa ananipa nafasi ya kupumua bila kunifanya nione kwamba ninamchelewesha. Nimewaona watu wengi wakifundishwa huduma kwa wageni kwa vitabu na vyeti, na sijaona somo lililolishinda hilo.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo, ya ghorofa moja juu, imeuzunguka ua mdogo. Chumba cha wageni kilikuwa juu, kina ngazi yake na mlango mfupi wa kuinamia, na ndani mlikuwa na vitanda, meza, mablanketi mazito ya sufu na taa ya umeme wa jua. Hilo ni sharti: familia inayoingia katika zamu lazima iwe imetenga chumba kwa ajili ya wageni, wasilale na wenyeji chumba kimoja wala wasiwahamishe watoto vitandani mwao. Kwetu nimeona mara nyingi watoto wakitandikiwa mkeka ukumbini ili mgeni apate kitanda, na tukihesabu kuwa huo ni ukarimu. Kwa mgeni wa ndugu ni ukarimu kweli. Kwa mgeni anayelipa, na ambaye wiki ijayo atafuatwa na mwingine, mtoto anaishia kuwa mkimbizi ndani ya nyumba ya wazazi wake.

Jioni ya kwanza niliandaliwa chakula mezani, peke yangu na mwenzangu, huku familia ikila jikoni. Ndivyo mama yangu anavyofanya: mgeni ukumbini, kitambaa kizuri mezani, na sisi nyuma tumekaa kwenye vibao karibu na mafiga. Ni heshima, lakini nilipokuwa upande wa pili wa heshima hiyo niliona kwamba inamwacha mgeni na upweke mkubwa. Kesho yake nilimwomba mwenzangu aniombee ruhusa ya kukaa jikoni. Mama mwenyeji alisita kidogo, akamtazama bibi, na bibi akasogea kwenye benchi lililoegemea ukuta akanionyesha mahali pa kukaa. Tangu hapo sikula tena kwenye ile meza.

Na ni jikoni nilikojifunza mengi zaidi. Jiko lilikuwa la udongo, la kuni, katika chumba kifupi chenye moshi, na kwa sababu ya kimo cha mahali maji huchemka yakiwa bado kwenye nyuzi joto 87 hivi badala ya 100. Kwa hiyo viazi ambavyo kwetu vingeiva upesi huko hukaa motoni muda mrefu, na mpishi hupanga siku yake yote kwa kufuata jambo hilo. Chakula kilikuwa supu ya kinoa, nafaka ndogo ya huko, viazi vya rangi na maumbo ambayo sikuwahi kuyaona, oca ambayo ni kiazi kidogo chenye utamu wake, jibini ya kukaanga, na mara moja samaki wa ziwani. Nyama haikupikwa hata siku moja, jambo lililonipa utulivu mkubwa kuhusu halali na haramu. Baada ya chakula hutolewa chai ya muña, jani la milimani linalonukia kama nanaa, ambayo wenyeji huisifu kwa kutuliza tumbo na kumsaidia mgeni asiyezoea kimo.

Nilikwenda mwezi wa Juni, ambao huko ni kipupwe cha ukame, mchana jua kali na usiku barafu. Katika majira hayo watu wa nyanda za juu hutengeneza chuño: viazi hutandazwa nje vipigwe na barafu ya usiku, mchana hukanyagwa kwa miguu ili maji yatoke, na kazi hiyo hurudiwa mpaka viazi viwe vikavu na vyepesi, vinavyoweza kuwekwa kwa miaka. Bibi aliponionyesha gunia lake niliwaeleza, kupitia mwenzangu, habari za makopa yetu, mihogo inayokatwa na kuanikwa juani ili iwepo siku ambayo shamba halina kitu. Bibi alitaka kujua kila hatua: inakatwaje, inaanikwa siku ngapi, wadudu wanazuiwaje, inapikwa na nini. Tulikaa sana juu ya jambo hilo. Mazungumzo yalikuwa mazito kuliko yote niliyowahi kuyasikia kati ya mgeni na mwenyeji, kwa sababu kila mmoja alikuwa na elimu ambayo mwenzake aliitaka, na hakuna aliyekuwa akimfurahisha mwenziwe tu.

Zawadi nilizobeba zilikuwa mchele na mafuta ya kupikia kutoka Puno, karafuu za kwetu, na doti moja ya kanga. Walimu walikuwa wametukataza kupeleka peremende na vitu vya sukari, kwa kuwa watalii waliozoea kuwagawia watoto peremende huwaachia maumivu ya meno mahali ambapo daktari wa meno yuko mbali, ng'ambo ya maji. Natamani kila mgeni anayekuja vijijini kwetu aambiwe hivyohivyo kabla hajateremka garini. Karafuu bibi aliinusa, akaitafuna kidogo, kisha akaitia kwenye chai. Kanga haikukaa hata siku moja sandukuni, maana mama mwenyeji aliitazama upana wake, akaikunja, na kesho yake akambebea mtoto mgongoni, kama wanawake wote wa kisiwa wanavyobeba kwa mashuka yao ya sufu na kama sisi tunavyobeba.

Kuhusu sala niliona wasiwasi kabla ya kufika, na wasiwasi huo uliondoka bila maneno mengi. Kwetu Pemba mwenye kusali huelekea kaskazini karibu moja kwa moja, lakini kutoka Titicaca Makka iko upande wa mashariki unaoelemea kaskazini, kwa hiyo asubuhi nilikuwa nikielekea karibu na linakotokea jua, ng'ambo ya maji. Maji ya kutawadha alfajiri ya kwanza yalikuwa na utando wa barafu. Sikumwambia mtu. Alfajiri iliyofuata nilipofungua mlango nilikuta birika la maji ya moto limewekwa kwenye ngazi, limefunikwa blanketi. Bibi alikuwa ameniona, na yeye mwenyewe huamka mapema kuliko wote. Hakuuliza dini yangu wala sababu ya kuosha miguu kwenye baridi ile, alitazama tu mgeni anahitaji nini.

Mchana familia ilifanya kazi zake, nami nikaenda nao. Mashamba yamejengwa kwa matuta ya mawe kutoka ufukweni hadi karibu na vilele viwili vya kisiwa, Pachatata na Pachamama, vilivyo zaidi ya mita 4,000 na ambavyo juu yake kuna mahekalu ya kale. Hakuna trekta, kila kitu hufanywa kwa mkono. Siku moja walikuja majirani kupura shayiri, wakala, wakaondoka bila malipo, na siku nyingine mume wa nyumba akaenda kwao. Desturi hiyo Wakechua huiita ayni, na watu wa Pemba hawahitaji kuelezwa zaidi, kwani wameona ujima wa kulima na wamekaa usiku barazani kuchambua karafuu za jirani, kila mtu na rundo lake la makonyo. Lakini nilichokiona Amantaní ambacho kwetu sikukiona ni kwamba ujima huo wameuingiza ndani ya utalii. Zamu ya wageni inafuata akili ileile ya zamu ya shamba. Kwetu, karafuu ni za kusaidiana, lakini mgeni wa kizungu ni wa aliyemuwahi.

Jambo moja halikunipendeza. Usiku wageni wote hupelekwa kwenye ukumbi wa jumuiya, wakavishwa nguo za wenyeji na kucheza ngoma. Ngoma ni nzuri na wapigaji ni hodari, lakini mama mwenyeji wangu alikuwa ameamka kabla ya jua, amepika, amepura shayiri, na sasa alitakiwa acheze na watalii mpaka usiku. Niliona macho yake yamechoka. Nilimwomba turudi mapema, naye alikubali haraka kuliko nilivyotarajia. Naamini ngoma inayochezwa kila inapofika boti huwachosha wachezaji, hata kama kila mgeni anaiona kwa mara ya kwanza. Ngoma za kwetu, msewe au kibati, zibaki na siku zake na furaha zake, na mgeni akibahatika kuikuta arusi basi aikute.

Na kuna habari ya fedha, ambayo mume wa nyumba alinieleza kwa uwazi nilioushukuru. Mgeni anayenunua safari kwa wakala mjini Puno hulipa huko, na inapofika kwa familia, baada ya boti, kiongozi na faida ya wakala, sehemu inayobaki ni ndogo mno kwa mtu aliyelaza na kulisha. Mgeni anayekuja kwa boti ya wanakisiwa na kulipa mkononi mwa mwenye nyumba huwaachia zaidi, ingawa yeye mwenyewe huenda amelipa pungufu. Alinitajia kisiwa jirani cha Taquile, kinachojulikana kwa ufumaji wake, ambao UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa utamaduni usioshikika. Wanaume wa Taquile ndio wafumaji wa kofia, na kofia ya aliyeoa ni tofauti na ya asiyeoa. Watu wa Taquile walianza kupokea wageni katika miaka ya 1970, wakanunua boti zao wenyewe kwa ushirika, na kwa muda usafiri wa kwenda kisiwani kwao ulikuwa mikononi mwao. Katika miaka ya 1990 sheria za soko huria ziliwaondolea haki hiyo ya peke yao, makampuni ya mjini yakaingia na boti za haraka zaidi, na wageni wengi wakawa wanashuka, wanakula, wanapiga picha na kuondoka siku hiyohiyo. Mume wa nyumba alisema kwamba zamu inagawa vizuri kile kinachofika kisiwani, lakini haina nguvu juu ya kile kinachobaki mjini. Nimelitafakari neno hilo kuliko yote niliyoyasikia darasani.

Niliporudi Pemba nilimweleza mama yote, na mama akawaita wenzake wa kikundi cha kulima mwani. Sikutegemea mjadala uwe mrefu kiasi kile. Suala la chumba cha kutengwa lilikubaliwa upesi. La mgeni kukaa jikoni liligawa watu: wapo walioona ni kumvunjia mgeni heshima, na mama, ambaye nilidhani atakuwa wa kwanza kupinga, ndiye aliyesema kwamba mgeni aulizwe mwenyewe, akitaka vibao apewe kibao. Tumelijaribu kwetu, na wengi wanachagua jikoni. Mmoja alikaa asubuhi nzima akikuna nazi na mama, akajifunza kupika muhogo, na alipoondoka alikuwa akimwita mama kama watoto wa jirani wanavyomwita.

Jambo zito lililetwa na bibi mmoja wa mtaani, na nilikuwa sijalifikiria, nalo lilihusu dago, yaani kambi za mbali wanakokaa wavuvi wetu. Alisema, "Wanangu, hao wa ziwani waume zao wako shambani, jioni wanarudi. Wetu wakienda dago, nyumba inakaa na wanawake watupu siku nyingi. Zamu yangu ikifika na mgeni ni mwanamume, nifanye nini?" Nilijua kwamba hata Amantaní wanaume wengi huenda Puno na Arequipa kutafuta vibarua, lakini sikuuliza nyumba zao hufanya nini siku hizo. Kikao kiliamua kwamba nyumba ambayo wanaume wake wako dago hupewa wageni wanawake au mtu na mkewe, na ikiwa hakuna, zamu yake haipotei, inawekwa mbele mpaka apatikane mgeni anayeifaa. Daftari linashikwa na mwanamke mmoja aliyechaguliwa, na nakala iko kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, ili pasiwe na atakayesema kwamba jina lake liliruka.

Sehemu ya fedha ndiyo tunayoendelea nayo. Tumekubaliana kwamba malazi na chakula hulipwa mkononi mwa mwenye nyumba, mgeni akiona na akijua bei, na kwamba dereva au kiongozi aliyemleta hulipwa na mgeni mwenyewe kwa kazi yake, asikate kwenye fungu la nyumba. Madereva wawili wameridhia na wanatuletea watu. Wengine wameacha kuja kwetu na wanawapeleka wageni kwenye hoteli za kaskazini, ambako hupewa chao mlangoni. Katika kikundi wapo wanaosema tulegeze, kwa sababu nyumba yenye asilimia ndogo ni bora kuliko nyumba tupu, na wapo, mama na mimi tukiwemo, wanaosema tushikilie mpaka msimu mwingine wa wageni upite ndipo tuhesabu. Tutalizungumza tena baada ya kuchuma karafuu, watu wote wakiwa wamerudi kutoka mashambani.